Charlotte ni mji wenye sura yake, au ni ofisi za benki tu?

Msafiri wa Kusini
Naleta mada hii kwa kuwa kila mgeni atokaye Atlanta au New Orleans hutuambia kwamba Charlotte yetu, hapa North Carolina, Marekani, pamoja na kukua kwake kote, ni mji usio na wenyewe: maghorofa ya benki, kiwanja cha kubadilishia ndege, na watu waliofuata mshahara. Sensa ya 2020 ilitukuta wakazi 874,579. Je, sifa hiyo ni ya haki? Binafsi naikataa, ingawa mgeni akiniomba nimwoneshe mahali pa kale, huzunguka naye hadi petroli inakaribia kwisha.

Jirani wa Tryon
Ndugu, petroli hiyo umeipoteza bure. Mji huu ulipata hati yake mwaka 1768, ukapewa jina la malkia, mke wa Mfalme George wa Tatu. Dhahabu ikapatikana hapo jirani, Cabarrus, mwaka 1799, California haijaota hata ndoto ya dhahabu, na mwaka 1837 serikali ikafungua hapa kiwanda cha sarafu. Fedha kwetu si jambo la juzi. Penye makutano ya Trade na Tryon zipo sanamu nne, na mojawapo ni mchimbaji anayemmwagia dhahabu mwenye benki kichwani. Hao wa Atlanta wanaotucheka, mji wao ulianza kama mwisho wa reli tu.

Mama Karani
Atlanta usiiguse, mdogo wangu. Mji uliomzaa Martin Luther King hauna haja ya sanamu ya mwenye benki. Ninyi hata timu ya mpira wa kikapu iliwahama mwaka 2002 ikaenda New Orleans, mkabaki mnatazamana.

Jirani wa Tryon
Mama, kwa heshima zote, timu ilihamishwa na mmiliki wake, haikukimbia mji. Ligi ilitupa timu nyingine mwaka 2004, na jina la Hornets, yaani manyigu, kama sikosei, tukalirudisha mwaka 2014. Jina lenyewe linatokana na vita vya uhuru wa Marekani, mwaka 1780, Waingereza walipoona cha moto hapa kama waliochokoza mzinga wa manyigu. Kama hiyo si historia, sijui historia ni nini.

Binti Brevard
Mnabishania timu, nami naona aibu. Sura ya mji huu ilikuwapo, ikavunjwa kwa makusudi. Mtaa wa Brooklyn, katika Second Ward, ulikuwa na makanisa, maduka, sinema na shule ya Waamerika Weusi. Katika miaka ya 1960 manispaa ikaupitishia matingatinga kwa jina la kufufua mji, zaidi ya familia 1,000 zikahamishwa. Katika barabara ya Brevard yamebaki kanisa la Grace, la matofali, na jengo la ofisi la 1922 lililojengwa na wafanyabiashara Weusi wenyewe, yakiwa yamebanana kati ya majengo mapya. Mwaka 2014 wachumi walipopima nafasi ya mtoto maskini kupanda, Charlotte ilishika mkia kati ya maeneo makubwa 50. Malkia na dhahabu mtajivunia ninyi.

Msafiri wa Kusini
Dada, hayo ni ya kweli, ila wewe mwenyewe umehamia hapa juzi kwa kazi ya benki, tena unaishi kwenye ghorofa jipya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Binti Brevard
Wenyeji wa Brooklyn walipona? Mwaka wangu wa kuingia haufuti kilichobomolewa. Kodi nalipa, kura napiga, na kanisani Jumapili nakaa na wazee waliozaliwa katika mtaa huo, ambao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama mji wao una sura.

Mama Karani
Sasa hapo umesema, mwanangu. Lakini msinisahaulishe: Hornets hawajatwaa ubingwa hata mara moja.

Jirani wa Tryon
Na Hawks wa Atlanta walitwaa lini, Mama? Mwaka 1958, wakiwa bado St. Louis.