Naomba ushauri: disaini sprinti kwa biashara ya watu wanne, Moshi

Habari za leo wakuu. Tupo wanne hapa Moshi, tunakaanga na kufungasha kahawa. Juzi mama mmoja wa Mbuyuni alinirudishia pakiti ya robo kilo ameibana kwa kibanio cha nguo, harufu yote imekwisha. Iliniuma sana.

Ili tupate pakiti bora, nataka tujaribu disaini sprinti, njia ya siku tano ya kubuni na kujaribu suluhisho, iliyoanzia Google mwaka 2010: Jumatatu mnachambua tatizo, Jumanne kila mtu anachora wazo lake, Jumatano mnachagua, Alhamisi mnatengeneza mfano, Ijumaa wateja 5 wanaujaribu.

Shida ni kwamba siku tano bila kukaanga, oda zote zinalala. Aliyewahi kuifanya kwa siku tatu, alipunguza wapi? Na wateja nitawafanyaje waseme ukweli? Watu wetu wana heshima, watasifia tu.