Hili "get" la Kiingereza litanifukuzisha kazi, nisaidieni

Binti wa Mapokezi
Habari zenu wakuu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja huku Unguja, mwezi wa tatu sasa. Kidato cha nne Kiingereza nilifaulu vizuri tu, lakini kuna neno moja linaniumbua kila siku: "get".

Juzi kaja mzee wa Kimarekani, kasimama anaushangaa mlango wetu wa nakshi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba kauchonga babu yangu. Akatoa macho: "Get out of here!" Wakuu, nikatoka. Nikajibanza jikoni nyuma ya friji nalia, najiuliza nimemkosea nini. Kumbe huku nyuma mzee wa watu kaduwaa, anamuuliza mwenzangu yule binti kaenda wapi, alitaka picha na mimi pale mlangoni.

Kabla yake kuna mama nilimweleza bei ya kutembelea mashamba ya viungo, akasema "I don't get it". Nikamwomba radhi, nikamwahidi ataletewa kabla ya saa nne.

Shuleni tulifundishwa "get" ni kupata, basi. Kamusi inanipa ukurasa mzima. Nikariri zote? Na neno lenyewe limetoka wapi? Natia nanga.

Bahari Kavu
Nyuma ya friji! 😂😂 Pole dada. Mmarekani akisema hivyo kashangaa tu, kama sisi tunavyosema "wacha wee!" Hakufukuzi mtu.

Mzee wa Kamusi
Mwanangu, neno hilo lenyewe ni mgeni aliyelowea. Jeshi kubwa la Wavikingi, wapiganaji wa baharini kutoka Skandinavia, lilitua Uingereza mwaka 865, na baada ya vita wengi wakabaki kaskazini na mashariki ya nchi, wakalima, wakaoa. Walikuja na kitenzi "geta", yaani kupata, kushika. Waingereza walikuwa na ndugu yake, "gietan", ila lao lilizoea kutembea na kiambishi mbele. Mabaki yake ni "forget": kitu ulichokishika kichwani kimekuponyoka. Na "beget", kuzaa. Fungua Biblia ya King James ya 1611, pale Mathayo anapohesabu vizazi, utakutana na "begat" mpaka uchoke.

Kwa hiyo shina ni kushika. Yule mama wa viungo alikwambia "sijakupata", kama mtu wa redio kol. Kiswahili nacho kinapita njia hiyo hiyo: "umenipata?", "somo umelishika?"

Na huyo Mmarekani akisema "gotten" usimcheke. Ni umbo la zamani. Waingereza wameliacha, Wamarekani wanalo mpaka leo.

Mwalimu Mstaafu
Mimi kwenye insha nilikuwa nalikata kwa kalamu nyekundu. Ni neno la uvivu. Tumia "receive", "obtain", "become", utaeleweka.

Fundi Maneno
Shikamoo mwalimu. Kwenye insha sawa, lakini binti akiongea hivyo mapokezi mgeni ataona anasomewa barua ya wizara. Na yeye shida yake ni kusikia, si kusema. Wageni hawataacha kulitumia.

Dada, usikariri. Usiulize "get" maana yake nini, tazama limeandamana na nani. Likifuatwa na kitu, ni kupata au kuleta. Likifuatwa na hali, mtu anaingia kwenye hali hiyo, na hapo Kiswahili hakihitaji neno la pili: "get tired" ni kuchoka, "get old" kuzeeka, "get drunk" kulewa. Yote tumeyamaliza ndani ya kitenzi kimoja. Likifuatwa na jambo la kutendwa, weka -wa yako: "get paid" kulipwa, "get robbed" kuibiwa. Na likifuatwa na kijineno cha mwelekeo, mtu anajongea: "get off" kushuka, "get up" kuamka au kuinuka.

Mbona "piga" hatuilalamikii? Piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga simu. Nani hapo kapigwa?

Binti wa Mapokezi
Shikamooni wazee wangu. Fundi, na hili je? Mgeni mwenye mabegi mikono yote miwili kaniambia "Can you get the door?" Mlango niulete wapi?

Fundi Maneno
Hapo ni kushughulikia kitu kinachongoja mtu. Mlango, ufungue. Simu ikilia, "get the phone", ipokee.

Bahari Kavu
Mlango tena! Babu yako kakuachia mtihani.

Binti wa Mapokezi
Mrejesho wakuu. Yule mzee kaondoka leo asubuhi. Kaja kaunta kasema "I've got to get going". Nikaacha "get" zote, nikashika "going", nikajua anaaga. Nikamfungulia mlango kabla hajaomba, na picha tukasimama kuipiga. Sasa mzee kajifunza Kiswahili kidogo kwenye kijitabu, na humo "piga" ni kipigo tu. Nikamwambia kijana wa mizigo, "Haya, mpige!" Mzee karuka nyuma ya begi lake, mikono juu.

Mwalimu Mstaafu
Picha iwekwe hapa.