Kalipa ya mbele inabana: ninunue mpya, mtumba, au nibadilishe mipira tu?

MtuWaMikese
Wakuu, kwema humu? Nina Toyota Noah, tairi la mbele kushoto linashika. Nikitembea kidogo tu rimu ya upande huo haishikiki kwa moto, ya kulia iko vuguvugu. Nikigusa breki usukani unavutwa kushoto. Pedi ya ndani imelika mpaka inakaribia chuma, ya nje bado nene kabisa.

Fundi kasema kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya tairi, imekufa. Nimeulizia bei na nimebaki njia panda. Mpya ya boksi ni ghali, kwa hela ya moja napata mtumba mbili na chenji inabaki. Halafu kuna muuza spea mmoja kaniambia niache uharibifu, ninunue seti ya mipira ya ndani ya kalipa nifunge, ambayo bei yake ni kama soda na chips. Mwisho wa mwezi naenda Iringa na familia, na kurudi kuna Kitonga ya kushuka, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Aliyewahi kupitia haya aniongoze.

Spana17
Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi hakikisha mwenye kosa ni kalipa. Endesha mpaka lishike, piga jeki, weka stendi, jaribu kulizungusha tairi kwa mkono. Sasa legeza kidogo tu nipo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na tairi likaachia hapo hapo, kuna presha imefungiwa. Hapo mtazame mpira wa breki, lile bomba linalonyumbulika la kuleta mafuta kwenye kalipa, au masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Mpira huo ukizeeka huvimba kwa ndani: ukikanyaga mafuta yanalazimishwa kupita, ukiachia hayarudi. Kwa nje unauona mzima, hata ufa hauna. Watu wamenunua kalipa mbili mfululizo kwa sababu ya kipande hicho.

Ukilegeza nipo na tairi likabaki limekaza, ndiyo uje tuongee pistoni (inayosukuma pedi) na pini (ambazo kalipa huteleza juu yake).

HesabuYaBosi
Mimi gari yangu inaleta hesabu kila jioni, haiwezi kulala gereji fundi akisugua sugua. Mtumba tu. Nenda Gerezani ama popote unapoaminiana na mtu, chukua kalipa iliyotoka kwenye gari la Japani, funga, toa upepo, ondoka. Chuma cha kiwandani kilichotumika nakiamini kuliko hizo mpya zenye maboksi mazuri usiyojua zimetoka wapi.

BintiPangani
Kaka HesabuYaBosi, kwenye chuma sikupingi. Ila jiulize umenunua nini. Mwili wa kalipa haufi kirahisi, kinachokufa ni mpira. Na mpira ulio ndani ya huo mtumba una umri ule ule wa ulioutoa, pengine zaidi, na umekaa juu ya rundo la spea bila mafuta, nipo iko wazi, unyevu unaingia. Unaondoa mzee unaweka mzee mwenzake. Ukitaka mtumba ukae, itabidi uufungue uuvalishe mipira mipya, na kama utafungua huo, kwa nini usifungue wa kwako?

MtuWaMikese, nikueleze kidogo kinachoendelea mle, utaamua mwenyewe. Ndani ya kalipa kuna mfereji, na kwenye mfereji umekaa mpira mmoja wa mraba unaoizunguka pistoni. Kazi yake ni mbili. Unazuia mafuta yasitoke, na ndio unaoirudisha pistoni. Ukikanyaga, pistoni inasogea na mpira unapinda pamoja nayo. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, kiasi cha pedi kuacha kubana diski. Hakuna springi yoyote pale. Mpira ukikakamaa, au kutu ikijaa nyuma yake ndani ya mfereji ikaubana, pistoni haivutwi tena. Ndiyo hiyo rimu ya moto.

Kwa hiyo swali la mpya, mtumba au mipira linajibiwa na uso wa pistoni, bei inafuata baadaye. Kwenye breki za ngoma ni kinyume, pale mpira unatembea na pistoni na kinachotakiwa kuwa laini ni ukuta wa silinda. Kwenye kalipa mpira umetulia, pistoni ndiyo inapita juu yake. Pistoni safi, nunua mipira. Pistoni imeliwa na kutu, mipira mipya utaitupa bure, itavuja.

Spana17
Umemaliza, dada. Niongeze pini tu. Kalipa ya Noah ni ya kuelea: pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu mwili mzima unateleza kwenye pini mbili ili pedi ya nje nayo ibane. Pini zikikauka mwili hautelezi, pedi ya ndani inabeba kazi peke yake. Hiyo pedi yako iliyolika upande mmoja inaweza kuwa pini, inaweza kuwa pistoni, inaweza kuwa vyote.

MtuWaMikese
Nimerudi wakuu. Nimefungua nipo, tairi limebaki limekaza vile vile, kwa hiyo mpira wa breki umepona. Pini ya juu inateleza vizuri. Ya chini imetoka kwa nyundo, kavu, ina kutu rangi ya chai. Kwenye pistoni mpira wa vumbi, ule wa nje wa kuzuia uchafu, umepasuka, na ukingo wa nje wa pistoni una kutu na vijishimo. Sijaitoa bado. Nitupe?

BintiPangani
Usitupe. Kutu ya kwenye mdomo, pale inapogusa pedi, haina neno, safisha tu. Tatizo ni vijishimo kwenye sehemu inayopita kwenye mpira wa mraba. Na ujue, pedi zikiwa mpya pistoni inarudi ndani sana, kwa hiyo hata eneo ambalo leo liko nje litapita pale. Itoe, ifute, pitisha ukucha kuanzia chini kwenda juu. Ukucha ukinasa, kromu imeshaachia na hakuna msasa utakaoirudisha. Ukiisugua unamaliza kromu iliyobaki na kutu inakuja kwa kasi.

Chuma_Mtwapa
Hapo kuna njia ya nne ambayo hamjaitaja: pistoni pekee zinauzwa, unanunua na seti ya mipira. Huku kwetu Mtwapa chumvi inakula kila kitu, pistoni ndizo tunabadilisha zaidi, mwili wa kalipa unakaa miaka. Mpya ya boksi mimi huishauri tu kama mfereji wenyewe umeliwa ama nipo imekatikia ndani. Na ukinunua hiyo mpya, fungua boksi dukani. Zingine huja bila pini na bila braketi, unafika nyumbani unarudi kwa zile pini zako za kutu.

Kutoa pistoni: usikimbilie kompresa. Ikiwa mpira wa breki bado umeungwa kwenye kalipa, kanyaga pedali polepole, mafuta yenyewe yataisukuma. Ukilazimika kutumia upepo, weka kipande cha mbao mbele yake, upepo kidogo kidogo, na vidole mbali kabisa. Ile kitu hutoka kama risasi.

HesabuYaBosi
Maneno mengi kwa breki moja jamani 😂 Fundi wangu anaosha kwa petroli, anapaka grisi ya bearing, saa moja kazi imeisha.

Spana17
Na anarudishiwa baada ya muda gani? Petroli, dizeli, grisi ya kawaida, vyote vinavimbisha mipira ya breki. Mpira ukivimba pistoni inabanwa zaidi ya mwanzo. Osha kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Mpira wa mraba unavikwa ukiwa umelowa mafuta mapya ya breki. Kwenye pini tumia grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki. Kama pini moja ina kijipira mwishoni, irudishe kwenye tundu lake lile lile, usiibadilishe na mwenzake.

MtuWaMikese
Ukucha umenasa, sehemu mbili. Mfereji uko safi baada ya kukwangua. Naenda kwa njia ya Chuma_Mtwapa, pistoni na mipira. Je, kulia niache maana haina tatizo?

BintiPangani
Kulia badilisha mipira, bei yake si umesema ni soda na chips. Umri wao ni mmoja. Pedi nazo weka mpya pande zote mbili, na zile washa (pete) za shaba za kwenye boliti ya mpira wa breki zisirudiwe.

Mafuta mwaga yote ya zamani. Hunywa unyevu hewani, na Kitonga ndiko utakakouona ubaya wake. DOT 3, hilo ni daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ikishanywa maji kiwango chake ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka mteremkoni pedali inazama mpaka chini. Kama kifuniko cha chupa yako ya mafuta ya breki kimeandikwa DOT 3, DOT 4 inakubali. DOT 5 ya silikoni usiiguse. Na ushuke kwa gia.

Chuma_Mtwapa
Ukifungua zote mbili siku moja usizichanganye. Nipo lazima ikae juu. Kushoto ikienda kulia, nipo inakuwa chini, upepo unabaki juu ya pistoni, utakanyaga mpaka kesho na pedali ni sponji.

Golf_ya_Thika
Nidandie hapa. Kalipa ya nyuma ya Golf, pistoni inakataa kurudi ndani hata kwa klempu. Nayo ni mipira?

Spana17
Acha klempu utaiua! Hiyo ya nyuma imebeba handibreki, ndani kuna skrubu, pistoni inarudi kwa kuzungushwa huku unaisukuma. Shusha handibreki kwanza, kwenye uso wa pistoni utaona vijipengele vya kushikia kifaa. Ila kama gari lingekuwa Passat yenye handibreki ya kubonyeza, usiguse chochote kabla mtu mwenye mashine hajairudisha mota nyuma.