Keki nyepesi ya Jumapili: ya mala, ya ndizi na oti, ama ya stevia?

MamaTumaini_Umoja
Habari zenu wapendwa. Nimekuwa nikijaribu kupunguza mwili tangu Januari, kutembea natembea, chapati nimepunguza, usiku nakula sukuma na samaki, lakini keki ya Jumapili imenishinda kuacha juu watoto wanaingoja na mimi mwenyewe kuoka ndio raha yangu ya wiki. Keki yangu ya kawaida ni unga vikombe 2, sukari kikombe 1, majarini robo kilo na mayai 4. Juzi nikakaa na kalamu nikapiga hesabu, nikapata kama kalori 3,700, yaani ukikata vipande 12 kila kimoja ni 300 na ushee, na mimi kipande kimoja hakinitoshi.

Basi Jumapili tatu zilizopita nimejaribu tatu tofauti. Ya mala na mafuta kidogo: laini, watoto wamemaliza. Ya ndizi na oti bila sukari: tamu lakini nzito, inashikana mdomoni. Ya stevia, ile ya mmea ya kutia utamu badala ya sukari: haikuumuka, ikakaa kama chapati nene na ladha fulani inabaki nyuma ya ulimi. Wenye uzoefu niambieni, nishike gani?

Mwokaji_Kasarani
Mamangu, ya mala, na sababu ni hii. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya sukari ama wanga ni 4. Kwa ile keki yako ya zamani majarini peke yake ndio karibu nusu ya kalori zote, kwa hivyo watu wanahangaika na sukari wakati mwizi yuko kwa mafuta. Mimi hutumia unga vikombe 2 (gramu 250), sukari gramu 120, mayai 3, mala kikombe, mafuta ya kupikia vijiko 3 vya chakula, beking soda nusu kijiko cha chai na beking pauda kijiko kimoja. Inakuja kama 2,100, vipande 12 ni 175 kila kimoja. Mafuta usiyatoe yote, nilijaribu na kesho yake keki ilikuwa kama sponji ya kuoshea vyombo.

Stevia shida yake si ladha tu. Sukari kwa keki haikai kwa ajili ya utamu peke yake, inashika maji, inaleta rangi, inasaidia kuumuka. Ukiitoa yote kuna shimo hapo na kijiko cha stevia hakiwezi kulijaza. Iweke kwa chai ama kwa kastadi, keki uiache.

Dere_wa_Rongai
Mi naomba msaada kwa ya ndizi na oti juu nimekula hiyo kitu kila asubuhi miezi miwili kabla niingie barabarani na mizani haijasonga ata. Naweka ndizi 3 zimeiva zile za madoa, oti vikombe 2, mayai 2 na siagi ya njugu nusu kikombe ndio ishikane. Si oti ni ya dayeti?

Mwokaji_Kasarani
Kaka hapo kwa siagi ya njugu ndio umepotea njia. Nusu kikombe ni zaidi ya kalori 700, inapita ndizi zote 3 ukiziweka pamoja, zile ni kama 315. Na oti si nyepesi, gramu 100 ni karibu 380, haina tofauti kubwa na unga wa ngano, uzuri wake ni nyuzi, unashiba na unakaa. Toa siagi yote, weka mala vijiko vinne na mdalasini, utaona. Hata unga wa almondi huo wanauza bei ya dhahabu ukisema ni wa kupunguza uzito, kwa gramu 100 una kalori nyingi kuliko ngano.

Bint_Pumwani
Dada zangu mnazunguka sana na jibu liko nyumbani. Mkate wa mayai! Bibi yangu alikuwa anaoka kwa sufuria, makaa chini kidogo na mengine anapalia juu ya kifuniko, na hakuna tone la mafuta ndani isipokuwa la kupaka sufuria. Mayai 4, sukari gramu 120, unga gramu 120, iliki ya kutwanga na ganda la ndimu ukwangue lile la kijani tu. Basi. Yote ni kama kalori 1,200, kata vipande 8 ni 150 kila kimoja.

Kazi iko kwa kupiga. Mayai yasiwe ya friji, piga na sukari mpaka yavimbe yawe meupe, ukiinua mashine ule mchanganyiko unashuka kama utepe na unakaa juu kidogo kabla kuzama. Unga uchunge mara mbili, ukunje pole pole na mwiko, usikoroge, ukikoroga hewa yote imekwenda na hewa ndiyo inayoumua huo mkate. Lakini msichanganye na mkate wa sinia, ule una tui zito na sukari ya kutosha, ule ni wa Idi.

ShangaziSouthB
Na kama ukitumia asali ama sukari nguru badala ya nyeupe? Mama yangu ana kisukari na ninaoka kwa nyumba moja.

Bint_Pumwani
Shangazi shikamoo. Asali ni tamu zaidi kwa hiyo unaweka kidogo, lakini kijiko cha chakula kwa kijiko cha chakula ina kalori nyingi, kama 64 na sukari ni 50 hivi, kwa sababu ni nzito. Na zote hizo, hata nguru, zinapandisha sukari ya damu. Kwa mama naona umuulize daktari wake kipande cha kiasi gani na ale saa ngapi, usibadilishe jina la sukari ukadhani umemsaidia.

MamaTumaini_Umoja
Nimeoka mkate wa mayai jana. Ulipanda vizuri sana, nikafungua oveni kuchungulia, dakika mbili ukazama katikati kama sahani 😭 Ladha lakini, wacha tu, iliki imejaa mpaka kwa ngazi.

Mwokaji_Kasarani
Pole mama. Nairobi tuko juu karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi, mapovu yanatanuka haraka kuliko kule Mombasa kisha yanapasuka kabla mkate haujashika. Usipige mpaka mwisho, simama utepe ukiwa bado laini, ongeza moto kidogo na usiguse mlango dakika 20 za kwanza. Ndio maana pia kwa ya mala naweka beking pauda kijiko kimoja tu na si viwili.

MamaTumaini_Umoja
Jamani, leo umesimama! Umekauka juu, ukibonyeza na kidole unarudi. Nimekata 8, nimekula kimoja na chai ya rangi, watoto wanne, baba yao viwili, na cha mwisho nimempelekea jirani kabla sijabadilisha mawazo. Ya mala nitaoka siku za wageni. Bint_Pumwani, bibi yako alikuwa anaweka iliki ngapi?

Bint_Pumwani
Sita, na anazitwanga na sukari kidogo ndio zisagike.