Nipigeje picha jahazi langu la mfano lionekane jahazi, si kiatu?

Seremala wa Jioni
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa ofisini, ila nikirudi nyumbani nachonga majahazi ya mfano. Hili la sasa nimelijenga kwa kipimo cha 1:20, yaani jahazi la mita 12 limekuwa sentimita 60. Mbao za ubavuni ni mabaki ya msaji kutoka kwa mafundi wa mtaani, mataruma (mbavu za ndani) ni mwembe, tanga ni kitambaa cha marekani. Usukani unageuka, na ukivuta demani, ile kamba ya tanga, tanga linakaza kweli.

Shida ni picha. Kwa macho linapendeza. Nikilipiga kwa simu, omo (mbele) linavimba, tezi (nyuma) linasinyaa, mbao zinageuka njano, na tanga linang'aa mpaka mishono haionekani. Nimelituma kwenye grupu, jamaa kauliza hicho kiatu nauza bei gani. Mchana nakuwa kazini kwa hiyo napiga usiku, taa ya sebuleni. Simu ni ya kawaida, ina kamera tatu nyuma. Kamera ya kununua sina mpango nayo. Naombeni ushauri.

Kipanga wa Gati
Tupia kwanza picha yenyewe tukione hicho kiatu 😂

Mama Vitambaa
Pole mwaya. Mimi nafuma, na uzi mweusi ulinitesa vivyo hivyo, kwa hiyo ya taa nakujibu mimi.

Acha kupiga usiku. Subiri Jumamosi, weka meza barazani au karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na uzime taa zote za ndani. Taa ikichanganyika na mwanga wa nje, upande mmoja unakuwa njano na mwingine bluu, na hapo hakuna programu itakayokuokoa. Flashi usiiguse kabisa. Upande wenye kivuli simamisha manila nyeupe irudishe mwanga, mbao zitaonekana mpaka kwenye maungio. Jua likiwa kali tundika pazia jeupe jepesi dirishani.

Tanga kung'aa ni kwa sababu simu inapima mwanga kwenye mbao nyeusi. Gusa tanga kwenye kioo, shikilia kidole mpaka ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo. Mbao zikibaki na giza utaziinua baadaye. Tanga likishaungua jeupe, mishono hairudi.

Na khanga usitandike chini, tafadhali. Tutasoma jina la khanga badala ya kuangalia jahazi.

Mzee wa Foromali
Mama Vitambaa kamaliza habari ya mwanga. Mimi nasema hata ukipata mwanga wa peponi, ukiendelea kupiga kutoka juu litabaki kiatu. Jahazi la kweli nani analitazama kwa juu? Labda kunguru.

Piga hesabu. Mtu aliyesimama ufukweni macho yake yako kama mita 1.6 kutoka chini. Gawa kwa 20, unapata sentimita 8. Lenzi yako ikae hapo, sentimita 8 juu ya meza, basi. Simu ya kawaida lenzi ziko juu, kwa hiyo igeuze kichwa chini miguu juu, iegemeze kwenye kitabu. Utashangaa. Mlingoti unapanda, tanga linakuwa juu yako, na mtu anajiona yuko pwani akisubiri mzigo ushushwe.

Omo kuvimba ni kwa sababu umelisogelea mno na lenzi pana. Kilicho karibu kinakuwa kikubwa kupita kiasi. Rudi nyuma mita moja na nusu hivi, tumia ile kamera ya zoom, mara 2 au mara 3, ukubwa wa omo na tezi utakaa sawa. Na simu isimame wima, washa mistari ya gridi. Mlingoti wa jahazi kwa asili umelalia mbele. Ukiinamisha simu unazidi kulala, na wajuzi watadhani umekosea kujenga.

bando_la_mwisho
Kwa nini usiweke tu ile modi ya kufifisha nyuma? Mimi naona inapendezesha.

Mzee wa Foromali
Kwa uso wa mtu sawa. Kwa jahazi itakula kamba. Ile modi inakisia wapi kitu kinaishia, na uzi mwembamba wenye hewa pande zote unaichanganya. Demani aliyoihangaikia itakatika angani. Atundike shuka ya kijivu isiyo na mikunjo, mita moja nyuma ya meza, inatosha.

Fundi Mtandao
Kwenye kutuma: WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaibana. Tangu 2023 kuna chaguo la HD (ubora wa juu), lipo juu ukishachagua picha, nalo linapunguza tu huko kubanwa. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama hati. Lakini hapo jua kwamba hati inabeba kila kitu, pamoja na mahali ilipopigwa kama kamera yako inarekodi eneo. Kama hutaki watu wajue kwako ni wapi, zima hiyo kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga.

Za kuweka mtandaoni punguza upande mrefu uwe pikseli 1600. Picha ya MB 4 inamaliza bando za watu bure, na kwenye kioo cha simu hawaoni tofauti.

Zile asili tunza mwenyewe, sehemu mbili. Mwaka 2017 Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, walianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine. Mijadala ya miaka mingi ya wachongaji na wajenzi wa mifano ilibaki maandishi matupu: "tazama hapa nilivyopinda taruma", na hakuna kitu cha kutazama.

Mama Vitambaa
Na upige kabla hujapaka vanishi, na baada. Vanishi inarudisha mwanga wa dirisha kama sahani.

Seremala wa Jioni
Mzee wa Foromali, sikusubiri Jumamosi. Nimejaribu ile ya kugeuza simu kichwa chini, hapahapa kwenye taa mbovu. Njano bado ipo, ila mke wangu kaona kasema "hili la wapi, Bagamoyo?" Manila nanunua kesho.

Kipanga wa Gati
Sasa tupia basi.

Mzee wa Foromali
Ukitupia, weka na moja yenye rula au sarafu pembeni. Na mataruma kwa ndani, kabla hujafunika sitaha. Hayo ndiyo sisi tunayoyataka.