Neno «Kula» katika visiwa vya Trobriand

Msomaji wa Tanga: Ndugu zangu, nimesoma kwamba wenyeji wa Trobriand, huko Papua Guinea Mpya, wana desturi iitwayo Kula. Sisi tukilisikia neno hilo tunawaza sahani, lakini maelezo yote ni ya mikufu na bangili. Je, ni karamu au ni biashara?

Mzee wa Kamusi: Ndugu, ni mfanano wa sauti tu, kwa kuwa lugha yao ya Kilivila ni ya Kiaustronesia na haina nasaba na Kibantu, majirani zao wa Dobu desturi hiyohiyo huiita kune. Mikufu myekundu ya kombe, yaani soulava, huvushwa kwa mitumbwi kisiwa hadi kisiwa kwa kufuata mwendo wa saa, na bangili nyeupe ziitwazo mwali (usimfikirie mwali wetu wa unyago) huzunguka kinyume chake, kila kimoja kikitolewa kwa ajili ya kingine. Anayepokea hukaa nacho kwa muda, akasifika kwacho, kisha humpa mshirika wake wa upande wa pili; akikishikilia mno, huitwa bahili. Kwa hiyo hiyo Kula ni mali isiyolika.

Binti Shamte: Naomba kumwongezea Mzee neno moja, gimwali, ambalo ndilo biashara hasa, yenye kupatana bei. Katika safari hizohizo watu hufanya gimwali, ila si na washirika wao wa Kula, na anayekosa adabu katika Kula hulaumiwa kwamba anaifanya kama gimwali. Mwanaanthropolojia Malinowski, ambaye baadaye alimfundisha Jomo Kenyatta mjini London, alieleza haya katika kitabu cha 1922, lakini kwa maoni yangu aliwatazama mno wanaume. Mwanaanthropolojia mwingine, Annette Weiner, aliyefika huko 1971, ndiye aliyeonyesha uzito wa mafungu ya majani ya migomba, ambayo wanawake huyagawa baada ya msiba na ambayo, kwa watu wanaofuata ukoo wa mama, ni utajiri kamili.

Msomaji wa Tanga: Ahsanteni. Na kitu chenye thamani hivyo hukabidhiwa kwa heshima gani?

Mzee wa Kamusi: Utashangaa: baragumu la kombe hupulizwa, kisha mtoaji hukitupa chini kama takataka, huku akiomba radhi kwamba hana kilicho bora, na mpokeaji naye hujifanya hakitaki.