MREJESHO: Baiskeli ya gia iliyokuwa inakula cheni

Wakuu, asanteni sana. Ni mimi niliyeuliza kwa nini baiskeli yangu ya mtumba, gia 21, inakula cheni, na kama tairi zina mchango.

Nimeacha kuweka cheni kwenye duara kubwa la meno mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, maana ilikaa mshazari na kukwaruza. Mlimani napunguza gia mapema, kabla sijakanyaga kwa nguvu. Mkwaruzo umekwisha.

Yule aliyesema nipime cheni kwa rula kuona kama imerefuka kwa kuchakaa, ubarikiwe. Pingili 24 zinatakiwa ziwe milimita 305 hivi. Zangu zilifika 309! Nilishachelewa: cheni mpya ikawa inaruka kwenye meno ya zamani, ikabidi ninunue na friwili (seti ya meno ya gurudumu la nyuma). Gharama mara mbili, uzembe wangu.

Tairi hazikuwa mchawi, ila nilibadili za upana wa inchi 2.1 nikaweka za 1.75 zenye kashata (vinundu vya tairi) ndogo, upepo PSI 55 (kipimo cha mgandamizo). Kwenye lami ni raha, natumia gia nzito bila kuhema. Kwenye tope la masika nilianguka na trei ya mayai (msiulize yalibaki mangapi). Sasa mbele nimerudisha ya kashata kubwa, nyuma nimeacha ndogo.